Jua la Mpangaji

Kuna siku bado imenikaa kichwani, mwanangu, na usicheke nikikuita mwanangu ilhali mimi mwenyewe bado navaa sare ya shule na ndevu zangu zinahesabika. Huku Silanga mtu huzeeka mapema. Mimi nilizeeka muhula uliopita, jioni moja nikitoka shuleni.

Mama yangu hufulia watu nguo. Sabuni imepasua mikono yake hadi akikupapasa shavu unadhani ni msasa. Alitaka kuacha hiyo kazi. Akapata sanduku la kuangulia mayai, akalijaza mayai ya kienyeji, akapanga kuuza vifaranga. Na kwa sababu stima ya huku huondoka bila kuaga, akanunua sola na betri, tuwe na stima yetu wenyewe. Mchana paneli ilikaa juu ya mabati ikijaza betri. Jioni niliishusha nikailaza chini ya kitanda, isije ikahama na watu wasiojulikana. Mchana na usiku balbu zikapasha mayai joto. Shuleni niliwaambia wenzangu kwetu kuna kiwanda cha umeme na mimi ndiye mkurugenzi.

Mama aliyageuza mayai kwa mkono, akiyaongelesha taratibu. Mimi alinigombeza tu. Sikuona wivu; yai halijawahi kufukuzwa darasani.

Mayai yakiwa karibu kupasuka, nikarudi nyumbani nikakuta ploti ya jirani imeota ghorofa. Asubuhi niliiacha ikiwa nyumba ya chini. Sasa ilikuwa na nyingine ya mabati juu yake, na kivuli chake kimelala juu ya paneli yetu yote. Upande ule mwingine ukuta wa kanisa ulikuwa umeshakula jua letu la asubuhi kitambo. Tulikuwa tunaishi kwa la mchana, na sasa hilo nalo limekwenda.

"Fundi," nikamwita aliyekuwa juu na nyundo, "hicho kivuli mnakipangisha pamoja na nyumba?"

"Hicho ni bonasi, kijana. Mtalala poa."

Nikaanza kumtukana, na mimi nikitukana hata bata wa bwawa la huko chini ya mtaa husikia. Mama akatoka, akanishika sikio.

"Wachana na yeye. Mwenye ploti anajenga kwake. Sisi wapangaji, hapa kwetu ni wapi?"

Nikapanda juu ya mabati, nikaishusha paneli.

Tulijaribu. Nilibeba betri na paneli hadi kwenye mashamba ya mboga kando ya bwawa, nikakaa nazo juani badala ya kwenda shule. Lakini betri ikiwa huko, sanduku linabaki baridi, na nikiirudisha mapema kwa sanduku, haijajaa. Mama akayafunga mayai kwa sweta yangu ya shule, akayakumbatia, jiko likiwaka kando yake. Siku ya kuangua ikapita. Ikapita na nyingine. Mwishowe akavunja yai moja. Kifaranga kilikuwemo, na mdomo wake na manyoya yake, kimejikunja vizuri, kimekufa. Akavunja la pili. Alipochukua la tatu akaniambia nitoke nje.

Jumatatu alirudi kufua. Betri bado iko. Saa sita kuna jua kidogo la kupita, linatosha kuchaji simu za majirani. Hata wale wa ghorofani huleta zao, na mama hawakatai.

Kwa hivyo nisikilize, mwanangu. Ukitaka stima yako mwenyewe, usianze na betri. Anza kwa kuuliza paa ni la nani, na lile la kando ni la nani, na kama mwenyewe anafikiria kupanda juu. Akisema hapana, bado usimwamini. Na kama wewe ni mpangaji, washa taa, chaji simu, sikiliza redio, lakini kitu kinachopumua usikiweke hapo. Ningekuwa na dawa nyingine ningekupa. Sina. Ningekuwa nayo, leo mama angekuwa nyumbani, si kwa watu akifua.

Haya, nenda. Upate paa lenye jina lako, na majirani wasiojenga kwenda juu, na mikono ya mama yako ipone wakati bado unaweza kuishika.