Magoti Yangu Yalikuwa Kipimo

Siku ya kwanza niliingia kwenye hanga la uwanja mdogo wa ndege, nje ya Kahama, nikiwa nimebeba mkasi wangu na sindano za magunia. Nilikuwa nimezoea kushona viti vya mabasi. Shule niliiacha darasa la sita, baba na mama walipofariki mwaka mmoja, nikabaki na wadogo zangu wawili, Masanja na Nyanzala. Kwa hiyo kazi yoyote yenye mshahara wa kila mwezi ilikuwa yangu.

Fundi Mkuu, mzee mpole wa Ushirombo, alinionyesha sakafu ya ndege. Ilikuwa na reli mbili za chuma zenye matundu, na miguu ya viti ilifungwa humo kwa pini. Ukitoa pini, kiti kinasogea tundu moja mbele au nyuma. Nafasi hupimwa kutoka mgongo wa kiti hadi mgongo wa kiti cha mbele.

"Lakini futi haina miguu," alisema. "Keti hapo, Kabula. Goti linagusa?"

"Haligusi, fundi."

"Ngumi inapita?"

Ngumi yangu ilipita, tena ikabaki nafasi. Akaandika kwenye daftari lake kwamba safu ile iko sawa. Kuanzia siku hiyo mimi ndiye niliyekalishwa kila viti vilipopangwa upya, kwa sababu nilikuwa karibu na sikuwa na haya ya kupanda na kushuka. Hakuna aliyefikiri kwamba mimi ni mfupi. Hata mimi sikufikiri.

Fundi Mkuu alipostaafu, akaja Meneja wa Kituo kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye haraka. Alitaka safu moja zaidi. Tukabadilisha sponji nene tukaweka nyembamba, tukasogeza viti tundu moja moja. Mhandisi alikagua pini, mikanda na njia ya kutokea, akaridhika. Magoti hayakuwa kwenye orodha yake. Nikaketi.

"Hayagusi, bosi."

"Unaona? Wewe ukinenepa tutafunga kampuni!"

Tulicheka wote. Abiria wetu wengi walikuwa watu wa migodini, wenye mapaja kama magogo. Wakaanza kushuka wakichechemea, wakinyoosha migongo pale kwenye lami. Mmoja aliniuliza kama viti vile vilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Nilikwenda kupima upya. Futi ilisema vilevile, magoti yangu yalisema vilevile. Nikadhani watu wa migodini wanapenda kulalamika. Ila wiki iliyofuata walewale walirudi, wamelipa tena, wakakaa palepale. Hapo sikuelewa kabisa.

Kisha Meneja akataka safu nyingine. Nyanzala alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi, na Masanja alikuwa bado anatafuta kazi. Nyumba nzima ilitegemea mshahara wangu. Siku ya kupima, kabla Meneja hajafika, nilimwita Lubinza, mpakia mizigo, mtu mrefu hadi anainama kwenye kila mlango.

"Keti kidogo hapa, kaka."

Aliingia nusu, nusu ikabaki njiani. "Mayu wane, mama yangu! Dada, hapa mnakalisha mbuzi?"

Meneja alitukuta bado nikimvuta mkono atoke. "Nani amekutuma ubadilishe kipimo?"

"Bosi, kwa Lubinza haitoshi."

"Lubinza ana tiketi?"

"Hana, bosi."

"Basi keti wewe. Au nitafute mwingine wa kukaa?"

Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Lubinza aliangalia viatu vyake. Niliketi. Nilisukuma mgongo nyuma kadiri nilivyoweza.

"Yanagusa?"

"Hayagusi, bosi."

Nilisema kweli. Nimejiuliza miaka mingi nilikosea wapi, maana hata kwenye toba sikujua kosa hilo niliite jina gani. Nyanzala alimaliza chuo. Safu ile ilibaki, na ndege zilijaa kuliko zamani.

Ninyi mnaoanza kazi hii mtaniuliza nafasi ya haki ni matundu mangapi. Sijui. Ningewaambia mumkalishe mtu mrefu, lakini sijui mtamjibu nini bosi atakayewauliza kama mtu huyo ana tiketi.

Nilipostaafu, Nyanzala alinikatia tiketi nimtembelee Dar. Miaka yote ile sikuwa nimeruka hata mara moja. Nilikaa vizuri. Pembeni yangu alikaa mchimbaji mmoja mpana, magoti yamebanwa hadi suruali ilikunjamana. Tulipotua alishindwa kuinuka. Nilimvuta mkono, na wa nyuma wakamsukuma.

"Asante, mayu," alisema akihema. "Hivi viti nani alivipanga?"

"Mimi."

Alinitazama, kilemba changu, kikapu changu cha karanga, akacheka hadi akashika kiti. Alinibebea kikapu mpaka nje, akawaita wenzake wawili waliokuwa wakinyoosha miguu.

"Njooni mumwone bibi aliyetupangia viti!"

Walicheka sana, wakanisalimia shikamoo mmoja baada ya mwingine. Nami nikaitikia marahaba.