Siku Tuliyomlilia Baba

Juzi mjukuu wangu aliniletea munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wa dukani, wa baridi, ndani ya chupa ya plastiki. Nilikunywa kwa adabu, maana mtoto alinikusudia mema, lakini yale yalikuwa maji ya sukari tu. Tangu hapo, rafiki yangu, naongea peke yangu jikoni.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mjini Élisabethville, enzi ya Wabelgiji. Baba, fundi wa reli, alimjibu msimamizi wake Mzungu mbele ya watu. Wakampandisha treni, wakampeleka kifungoni kaskazini. Posho yetu ya kila wiki, unga, mafuta na samaki wa chumvi, ikakatwa siku ileile. Mama alikuwa ndiyo kwanza amejifungua pacha, na homa haikumwacha. Mwenye nguvu nyumbani nilibaki mimi.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye ulimi mkali, ndiye aliyenifundisha kupika munkoyo wa kuuza. Mizizi unaiponda mpaka iwe nyuzi, unaitia katika uji wa mahindi uliopoa kidogo, na uji mzito unalegea na kuwa mtamu ukiuangalia. Siku ya kwanza ni kinywaji cha watoto. Siku ya tatu ni pombe. Hiyo ndiyo wanaume waliyoitaka wakitoka kazini, na ndiyo iliyokatazwa. Polisi akiikuta anaimwaga, kisha anamfunga mama wa nyumba. Mama yangu afungwe, na pacha wa wiki tatu? Nilikoroga huku nachungulia mlangoni.

Asubuhi moja polisi wakaanza kupekua nyumba za safu yetu, na chungu changu cha siku ya tatu kimejaa. Jirani akaingia, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akaniambia taratibu, "Lala chini, ulie. Leo tuko na kilio."

Kwenye kilio cha msiba pombe haiulizwi, na hata polisi huvua kofia. Wanawake wa safu nzima wakaja na mikeka yao, wakalia kama waliofiwa kweli. Mimi sikuwa na wa kumlilia, mpaka nilipomkumbuka baba. Hapo sikuigiza tena.

Polisi akaingia, akavua kofia yake nyekundu, akaketi chini nasi kama ilivyo desturi. Jirani akampa kikombe.

"Ni nani alikufa?" akaniuliza.

"Baba yangu."

Akanywa yote, akanipa pole, akaenda zake. Mama alicheka siku ile, mara ya kwanza tangu ajifungue.

Tuliishi hivyo, chungu kwa chungu, hadi pacha wakaota meno. Mvua zilipoanza, habari ikafika: baba amefia kulekule kaskazini. Wanawake walewale wakaja na mikeka ileile. Nilikaa katikati yao na macho makavu, wengine wakaanza kunong'ona juu yangu. Jirani akawakatiza.

"Mumuache. Huyu mutoto alishaka kulia."

Miaka mingi niliamini kwamba nilimchuria baba, kile kilio cha uongo kikamwitia kifo. Mama ndiye aliyenitoa humo. Alisema baba angefurahi kujua kwamba kilio chake kililisha watoto wake.

Safu ile imebomolewa, na vilio vya sasa vina viti vya kukodi na vipaza sauti. Sijui kama leo wanawake wa mtaa mzima wangelala mavumbini kwa ajili ya chungu cha mtoto. Nawakumbuka kwa mapenzi makubwa. Lakini baba nilimlilia mara moja tu, angali hai, na aliyenipa pole ni polisi.