Mchota Hewa wa Mauna Loa

Kila Jumanne mchota hewa wa kituo chetu cha kupima hewa mlimani hubeba chupa zake za kioo hadi kwenye mawe meusi na kuukabili upepo. Huvuta pumzi, huibana, hufungua koki, huhesabu kwa vidole vyake vinene, hufunga, ndipo hupumua. Hewa ya kupima haitaki hata chembe ya pumzi ya mtu. Gari likipita tu kule upepo unakotokea, huanza upya, akinung'unika.

Jana nilimkimbilia kutoka huko huko, nikipaza sauti: "Anko, binti yako Kehau kajifungua huko mjini Hilo. Wa kike." Hakugeuka. Alifunga koki, akapumua, akanitazama. "Umeniharibia chupa, bwege wewe," akasema, machozi yakimtoka. Akachukua nyingine, akabana pumzi, kicheko kikamtoka. Akabana tena, kikamtoka tena. Miaka ishirini na sita hajamruhusu mtu kuigusa koki ile. Akanitia chupa mkononi. "Fanya wewe. Mimi leo pumzi haikai." Kisha akaenda kusimama mbali nyuma yangu, kule upepo unakoelekea, acheke bila kuichafua hewa.