Konzi za Magome

Mtu wa boila pale kwenye kiwanda chetu cha karatasi haamini macho, anaamini kiganja. Magome ya miti na tope la karatasi, yaani takataka zetu wenyewe, ndizo zinazochemsha maji ya mvuke unaoendesha mitambo. Kabla ya kulisha moto, yeye huchota konzi moja na kuikamua. Maji yakidondoka, yeye husema kwa sauti yake ya kukwaruza, "Hii bado inalia," na kuirudisha juani. Magome yaliyokauka vizuri alikuwa akitenga kidogo kwenye gunia, kwa ruhusa ya msimamizi, ampelekee mkewe apikie, maana kifua cha mkewe hakikuvumilia moshi. Jioni mlinzi wa getini alikuwa akimtania: "Shemeji, dada yangu akikohoa leo, namrudisha kwetu!" Naye alikuwa akicheka mpaka mabega yanatikisika.

Juzi alirudi kazini baada ya kumzika mkewe. Tulimpa pole. Alishinda akikamua, akilisha moto, akitenga. Jioni akajitwika gunia lake. Getini mlinzi alitazama chini, hakutania. Hapo ndipo mtu wa boila aliposimama. Akalishusha gunia taratibu, akasema, "Kumbe nimembebea."

Nilimsaidia kulirudisha kwenye boila. Nilidhani atalimwaga lote kwa mara moja. Akachota konzi ya kwanza, magome makavu kabisa, akaikamua kwa nguvu, akafungua kiganja na kukitazama. Akaitupa motoni. Akachota nyingine, akaikamua.