Makoa Waliorudi na Unga wa Mbao

Saa kumi na mbili asubuhi, fundi cherehani amechuchumaa nyuma ya nyumba yake, anafunua gunia lililolowa alilolitandika jana kati ya matuta ya spinachi. Chini yake wamejazana makoa, wale ndugu wa konokono wasio na gamba, wanene na wamejaa ute. Anawatazama, anakuna kichwa.

"Hebu angalia mwenyewe," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Huyu ana unga wa mbao mgongoni. Na huyu. Mimi nashona nguo, unga wa mbao umetoka wapi?"

Mtaani anaitwa Bi Pindo, maana ndiye anayewakunjia watu suruali ndefu. Anashona barazani na anaishi na mama yake, mtunza bustani mstaafu ambaye kumbukumbu zinamtoka kidogo kidogo. Siku nyingine mama humwita dada. Ila akifika kwenye matuta hakosei kitu: huchuma jani, hulipangusa kwa gauni, hulitafuna papo hapo.

"Ndiyo maana siwezi kuweka sumu," anasema Bi Pindo. "Juzi aliona majani yamekuwa matundu matupu, akarudi kulala, hakuamka mpaka kesho yake. Bustani ikiisha, sijui nitamtoa kitandani kwa lipi."

Ushauri haujampungukia. Huyu alimwambia majivu, yule maganda ya mayai, na mteja mmoja aliapia kitunguu saumu. Akaweka vyote kwa pamoja, mvua ikanyesha, akabaki hajui kipi kimeshindwa. Kilichofanya kazi ni gunia, kwa kuwa makoa hukimbilia unyevu. Tatizo, Bi Pindo hana moyo wa kuua. Huwazoa kwa kijiko cha bustani na kuwarusha ng'ambo ya ukuta.

Ng'ambo ya ukuta ni karakana ya seremala.

"Kumbe ni wewe, dada?" Seremala anachungulia, penseli sikioni. Naye ana pilipili zake kwenye makopo. "Mimi kila jioni nawafagia pamoja na unga wa mbao, nawamwaga huko kwako. Nilisema kwenye majani mengi hawatakosa riziki."

Bi Pindo hajui acheke au agombe. "Kwa hiyo siku zote hizi tunapokezana wageni?"

Wanakubaliana. Makoa wa pande zote wataingia kwenye ndoo ya maji ya sabuni, na ndoo ataishika seremala. Matuta yatazungushiwa unga mkavu wa mbao. Kisha seremala anashusha sauti.

"Lakini dada, mama anamwagilia jioni. Udongo unalowa usiku kucha. Hapo hata uzungushie mbao nzima, watakuja tu. Mwagilieni asubuhi."

Bi Pindo anageuka kuutazama mlango wa nyuma. Mama huamka usingizini jua likizama, husema kumekucha, huchukua kopo la kumwagilia. Binti yake alimsahihisha mara moja tu. Siku hiyo mama aliuliza hii ni nyumba ya nani.

"Nikimwambia ni jioni, namvuruga," anasema. "Nikinyamaza, bustani inakwisha. Sasa nishike lipi?" Machozi yanamlengalenga, na wala hajaribu kuyaficha.

Mlango wa nyuma unafunguka. Mama ametoka, maongezi yamemwamsha. Anaangalia wingu jekundu juu ya paa la karakana, anakunja uso.

"Jua ndilo hilo linazama, na mboga bado hazijapata maji?"

Seremala anafungua mdomo. Bi Pindo anamkata jicho, naye anaufunga. Kisha Bi Pindo analijaza kopo haraka bombani.

"Kesho namwamsha saa hizi hizi," anamnong'oneza mwandishi. "Na keshokutwa."

Anamkabidhi mama yake kopo, anamshika mkono.

"Ni kweli, mama. Tuwahi kabla giza halijaingia."