Tairi la Nyuma Siku Niliyoolewa

Sikuolewa nikiwa mwembamba. Naanza na hilo kwa sababu mambo mengi ya siku ile yalitokana na uzito wangu, na wala sioni haya. Mama yangu aliuza mafuta ya mawese sokoni, na nyumba ya muuza mawese hailei mifupa.

Vita vilikuwa vimeingia Kisangani, vikatoka, vikarudi. Meli za kutoka Kinshasa hazikupanda tena, petroli ikawa kitu cha askari na wakubwa, na mji mzima ukahamia kwenye baiskeli. Ndipo toleka zilipoanza kutubeba: baiskeli nzito za Kichina, kiti cha sponji nyuma, kijana wa miguu ya chuma mbele. Zilibeba wagonjwa, magunia ya mihogo na mapadri. Sasa zilitakiwa zinibebe mimi, pamoja na gauni la kuazima lililoongezwa kitambaa pande zote mbili, kutoka Mangobo hadi kanisa kubwa la Makiso.

Papa hakulipenda jambo hilo. Alikuwa dereva wa lori, na lori lake halikuwa kama mengine. Nyuma ya kabini alikuwa amejenga chumba cha mbao chenye kitanda, rafu ya sufuria na dirisha ambalo mama alilishonea pazia. Njia ya mashariki ilikuwa na matope ya kumweka mtu wiki tatu, kwa hiyo papa alisafiri na nyumba yake. Nilipokuwa na miaka saba nililala humo hadi Bafwasende. Asubuhi, huku akipima matairi, aliniahidi kwamba siku ya kuolewa ningekwenda kanisani ndani ya chumba kile, nimelala nikitaka. Ahadi hiyo nilimkumbusha kila mwaka, maana mimi si mtu wa kusahau kitu nilichoahidiwa.

Halafu askari wakachukua matairi yote sita na betri. Lori likabaki uani juu ya matofali, na kuku wakawa wanatagia kitandani. Papa alibakiwa na kipimo chake cha upepo, cha shaba, chenye sindano nyekundu. Alikifuta kila Jumapili kana kwamba kesho yake ana safari.

Aliyefanya tairi la baiskeli liwe neno kubwa ni koko, mama yake papa. Kwake yeye, bibi harusi akishatoka mlangoni kwa baba yake hakanyagi ardhi mpaka mlango wa kanisa.

"Akishuka mu njia, ndoa nayo itashuka mu njia," alisema.

Nilimcheka, lakini moyoni niliogopa. Shangazi yangu alishuka njiani siku yake kwa sababu ya mvua, na mumewe alirudi kwao baada ya miezi minne. Mimi mchumba wangu nilimpenda sana, na sikutaka tairi liniharibie.

Basi wiki moja kabla ya harusi tulikaa uani kuchagua namna ya kulinda upepo. Papa aliweka kipimo chake mezani. Kijana wa toleka aliyechaguliwa kunibeba, rafiki wa mchumba wangu, alikitazama kwa adabu, akalitazama lori, kisha baiskeli yake.

"Papa, na heshima yote, iyi iko ya camion. Valve ya velo iko ingine, haiwezi kushika." Akainua gumba lake. "Miye, manometre yangu ni kidole iyi. Nabonyeza, najua."

"Kidole unaweka wakati velo imesimama," mama akadakia. "Na wakati inatembea? Bon, nani atajua?"

Mama alikuwa na jibu lake tayari. Alichukua waya, akautungia vizibo sita vya soda, akaufunga kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma ili vizibo vining'inie vidole viwili juu ya ardhi. Tairi likilegea, ekseli inashuka, na vizibo vinakwaruza barabara na kupiga kelele. Kwa majaribio tulimpandisha mama mdogo, mwenye mwili kama wangu, ambaye tulikuwa tunavaliana nguo. Upepo ukapunguzwa kidogo, baiskeli ikasukumwa, na vizibo vikalia kweli. Mama mdogo akapiga vigelegele juu ya kiti. Hakuna aliyeuliza tena swali.

Papa alikifuta kipimo chake, akakirudisha mfukoni. Niliona jinsi mabega yake yalivyoshuka, nikataka kulia. Badala yake nikamgombeza mama kwamba vizibo vyake vitanifanya nionekane muuza soda.

Siku yenyewe ilipambazuka bila mvua na bila mlio wa bunduki, na kwa miaka ile hiyo ilikuwa zawadi mbili. Toleka kumi na mbili zilipambwa kwa makuti. Nilipandishwa kitini kutoka kizingitini, kiatu kisiguse vumbi, na tukaondoka kwa nyimbo.

Mama alikuwa amesahau mashimo. Barabara ya Mangobo ilikuwa shimo moja refu lenye vipande vya barabara ndani yake, na kila tulipoteremka shimoni vizibo vililia. Msafara wote ulisimama, kijana akabonyeza tairi kwa gumba na kupaza sauti, "Iko sawa!" Mara ya kwanza watu walishika vifua. Mara ya nne walianza kucheza, vizibo vikawa ngoma yetu, na wapita njia wakatufuata. Nilifurahi mpaka mashavu yakaniuma.

Tulipofika kwenye lami iliyonyooka, karibu na kuingia Makiso, vizibo vililia, vikaendelea kulia. Kijana akainama kwenye gurudumu, na safari hii hakusema iko sawa. Kichwa cha valvu kilikuwa na ufa, na ubavuni pake palikuwa na alama za meno ya koleo.

"Nani alishika valve iyi na pince?" akauliza.

Kijana mwingine wa toleka akasema nihamishiwe baiskeli nyingine bila kukanyaga chini. Koko alimkata kwa jicho. "Kubadilisha velo mu njia ni kubadilisha bwana mu njia." Tonton, mjomba wangu, akasema basi watanibeba mikononi. Akanitazama, akanitazama tena, akarudi nyuma. Pale juu ya kiti nilimfikiria shangazi yangu, nikaking'ang'ania kwa mikono miwili.

Ndipo papa alipopita katikati ya watu na suti yake ya pekee, akachukua pampu mkononi mwa kijana. "Leta. Huyu ni mutoto yangu." Akapiga goti kwenye vumbi la barabara. Sikuwahi kumwona papa amepiga goti nje ya kanisa. Alijaza upepo, tukaenda hatua kama mia mbili, vizibo vikalia. Akaja tena mbio, akapiga goti tena. Mara ya tatu, alipoinama, koti lilifunguka nikakiona kile kipimo cha shaba mfukoni, na pembeni yake mpini wa koleo.

Alijua kwamba nimeona.

"Ni miye, mama," alisema chini kwa chini, bila kuinua uso. Papa aliniita mama tangu nizaliwe. "Asubuhi, mulikuwa munalala. Nilitaka tu kuona sindano inapanda. Mara moja tu. Ikakataa, nikakaza na pince."

"Najua, papa."

"Nilikuahidi gari."

"Pompa, papa. Padri anangoja."

Akacheka. Nami nikacheka mpaka mshono mmoja wa ubavuni ukaachia. Kijana wa toleka, aliyesikia kila neno, akageukia watu na kupaza sauti, "Iko bien! Ni joto tu inasumbua valve!" Uongo ule nilimpendea, na hadi leo namwita shemeji.

Papa alipiga goti mara saba. Nilihesabu. Mara ya saba ilikuwa mbele ya ngazi za kanisa, na tairi halikuwa na haja ya upepo tena, lakini alipampu kidogo hata hivyo. Kisha akasimama, magoti mekundu kwa vumbi, mikono myeusi kwa grisi ya mnyororo. Alisita kunigusa kwa sababu ya gauni. Nikamwambia anishike. Akanishika kiwiko, nikashuka moja kwa moja juu ya ngazi, na koko akapiga vigelegele vya mtu aliyeshinda kesi.

Gauni lile tulilifua mara tatu kwa sabuni ya mawese kabla ya kulirudisha kwa mwenyewe, mama mmoja wa kwaya. Alama za vidole vinne na gumba, pale kwenye kiwiko, hazikutoka. Nilimwomba radhi. Akauliza ni mkono wa nani, nikamsimulia, akalikunja taratibu akaliweka sandukuni. Magauni yalikuwa haba miaka ile. Kabla vita havijaisha, mabibi harusi wengine watatu waliliazima, na kila mmoja wao aliingia kanisani papa yangu amemshika kiwiko.