Mmea wa Wanawake

Enzi za Mwingereza, nikiwa nimeshaota mvi, alinijia mzungu mmoja na picha ya mmea, imechorwa vizuri ajabu. Akaniambia mmea huo haujaonekana kwingine duniani isipokuwa hapa Uluguru, na kwamba umepewa jina la Mjerumani aliyeuvumbua. Mjerumani huyo aliporudi kwao akawa profesa mkubwa, mwenye vitabu na wanafunzi. Mzungu yule akaniuliza kama naukumbuka. Swali gani hilo! Mmea ule niliung'oa mimi.

Siku za Mjerumani, mwanamume mwenye nguvu alikuwa na njia mbili tu. Akamatwe na askari apelekwe Ngerengere kubeba mataruma ya reli, au ajitafutie bwana wa kumwajiri. Mimi nilimpata bwana wa majani, ndiye huyo profesa wa baadaye. Watu wa kijiji chetu, Mkuyuni, walinicheka, eti mtu mzima na ndevu zake anakwenda kumchumia mzungu mchicha. Niliwaacha wacheke. Mgongo wangu ulikuwa mzima, na yao ilikuwa imechubuka.

Kazi yenyewe ilitaka akili, msiidharau. Mmea unang'olewa pamoja na mizizi yake, unalazwa ndani ya karatasi, unabanwa kati ya mbao, kisha unakaushwa juu ya moto wa mkaa, maana mvua ya milima yetu haina adabu. Ukishakauka unapakwa maji ya sumu kwa unyoya wa kuku, ili wadudu wasiule safarini. Mbwa wa kambi alilamba bakuli la maji yale mara moja tu, akafa mbele ya macho yetu. Na bwana hakutosheka na mmea mmoja. Wenzake wa miji mingine ya Ulaya nao walikuwa wanangoja fungu lao, kwa hiyo kila aina aliitaka kwa wingi.

Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Hakunichapa hata siku moja, na zama zile hilo lilikuwa jambo la kusimuliwa.

Mmea ule wa kwenye picha tuliukuta kwenye mwamba unaochuruzika maji, juu ya kijiji chetu. Ulikuwa mfupi, majani yake yana manyoya, maua ya zambarau. Bwana alipiga magoti matopeni kwa furaha. Mimi nilijua miti ya mitego, ya sumu ya samaki, ya kutuliza homa, lakini huo sikuwa na habari nao. Nikaing'oa yote, kwa kuwa ilikuwa michache na yeye aliitaka mingi. Nilirudi kambini najisifu kwamba sikuacha hata shina moja.

Haikupita hata nusu ya mwezi, dada yangu akashikwa na uchungu wa uzazi. Sisi Waluguru ukoo hufuata mama. Wanangu mimi ni wa ukoo wa mke wangu. Watu wangu ni watoto wa dada. Kwa mama tulibaki wawili tu, mimi na yeye, na hiyo ndiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Asubuhi ya tatu mkunga akawatuma wanawake wawili mwambani kuchukua dawa. Wakarudi mikono mitupu, wakasema mtu kapachimba pote.

Nilikuwa nimekaa uani na wanaume wenzangu. Dawa ile ni siri ya wanawake, mwanamume haonyeshwi wala hatajiwi. Lakini niliposikia habari ya mwamba niliinuka. Nikamwita mama pembeni, nikamuuliza kama ni ule wenye maua ya zambarau. Alinitazama, akaelewa kila kitu.

"Kimbia ukaulete, mwanangu," akasema. "Mizizi ndiyo inayotakiwa."

Nikakimbia. Nilipomweleza bwana kwamba mmea ule ni dawa ya uzazi, alinifungulia sanduku yeye mwenyewe. Nikafunua karatasi ya kwanza, ya pili, ya kumi, mpaka zikaisha. Mimea yote nilikuwa nimeipaka sumu, majani, mashina, hadi ncha za mizizi, kwa uangalifu, kama nilivyofundishwa. Nilitafuta hata mmoja ambao pengine niliuruka kwa uvivu. Sijawahi kujuta kwamba mimi si mvivu isipokuwa siku ile. Nikafikiri niuoshe mmoja mtoni, nikamkumbuka mbwa. Nikalifunga sanduku.

Dada alikufa kabla ya adhuhuri, na mtoto tumboni. Mama hakunigombeza. Afadhali angenitukana mbele za watu.

Tulipokwisha kuzika, bwana alikuja kutoa pole, kofia mkononi, macho mekundu, na naamini alihuzunika kwelikweli. Alikaa nami jamvini muda mrefu. Kisha akatoa daftari lake na kalamu, akaniuliza kwa upole, wanawake hutumia sehemu gani ya mmea ule, majani au mizizi?

Siri hiyo mama aliitoa kwa sababu binti yake alikuwa anakufa. Sasa alikuwa amekaa mlangoni, anatusikia. Nami, kwa mazoea tu ya kumjibu bwana kila anapouliza, nikasema, "Mizizi."